KUFULI LA GURUDUMU NI AMANA YA MGENI

Desturi ya watu wa visiwani ni kwamba chombo hakiachwi pwani kwa kutumainia utulivu wa maji. Hata bahari iwe shwari namna gani, nahodha hutia nanga omo, akafunga kamba tezi, ndipo akapanda mjini kwa shughuli zake. Hafanyi hivyo kwa kuwashuku watu wa mji. Hufanya hivyo kwa sababu chombo kina tajiri wake, kina mabaharia wanaokitegemea, na kina mizigo ya watu. Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu, pamoja na viongozi wa Serikali wa pande zote mbili za Muungano, juu ya nanga ya namna nyingine. Nanga hiyo hutiwa nchi kavu, katika kitongoji cha Njiro jijini Arusha, lakini faida yake na hasara ya kukosekana kwake hufika hadi Unguja, Pemba na Mafia. Nayo ni kufuli la gurudumu la karavani.

Karavani ni nyumba ndogo yenye vitanda, meko na makabati, iliyojengwa juu ya magurudumu mawili au manne ili ikokotwe nyuma ya gari. Jina lake lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara wa watu na wanyama wa mizigo. Wazee wa mwambao waliijua misafara ya miguu iliyotoka Pangani na Tanga katika karne ya 19 ikielekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Wapagazi hao walizungushia kambi yao boma la miiba kabla ya kulala. Waingereza walilichukua neno hilo wakaipa nyumba ya magurudumu, na mwaka 1885 daktari mmoja wa Kiskoti, William Gordon Stables, alijengewa nyumba ya kukokotwa na farasi aliyoiita The Wanderer, akazunguka nayo nchini kwao kwa mapumziko. Tangu siku hizo farasi wameondoka na gari limeshika nafasi yao, lakini haja ya boma la miiba haijaondoka.

Wasafiri wanaokuja kwetu na nyumba zao nyuma ya gari si wengi wakilinganishwa na wale wanaoshuka katika viwanja vya ndege. Hata hivyo wapo. Baadhi yao hutoka Afrika ya Kusini wakipitia Zambia au Malawi, na wengine huingia kutoka Kenya kwa njia ya Namanga. Wengi huvuta matela mazito ya kambi yaliyoundwa kwa barabara mbaya, na wachache huvuta karavani za kawaida za Ulaya. Wakifika Arusha hutambua kwamba barabara za Ngorongoro na Serengeti hazifai kukokotea nyumba, nao huiacha mahali palipo salama, wakaenda mbugani kwa gari peke yake. Njiro, iliyo kusini mwa kitovu cha jiji, ina nyumba za wageni, karakana na yadi za makampuni ya utalii, na kwa sababu hiyo ni moja ya mahali panapofaa kuachia mzigo wa namna hiyo.

Baada ya mbuga, mgeni hutaka bahari. Hupanda ndege ndogo katika uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, au huteremka kwa barabara hadi Dar es Salaam akavuka kwa boti, na kwa muda wa wiki moja au mbili hulala Paje, Nungwi, Kiwengwa au Pemba. Siku zote hizo nyumba yake imebaki Njiro. Hapo ndipo kitongoji cha bara na visiwa vyetu vinapokutana katika jambo moja. Mwenye hoteli wa Paje, mpishi wake, mvuvi anayemuuzia samaki na nahodha wa ngalawa ya matembezi wote wanakula katika utulivu wa moyo wa mgeni huyo. Akipigiwa simu siku ya tatu kwamba tela lake halionekani, hatamaliza wiki yake. Atafunga mizigo, atarudi bara, na akifika kwao atasimulia habari ya Tanzania nzima, bila kutenga Njiro na Unguja.

Tela halina ufunguo wa kuwashia

Inafaa kila mmoja wetu aelewe kwa nini karavani ni rahisi kuibwa kuliko gari. Gari lina injini, lina ufunguo wa kuwashia, na usukani wake hujifunga ufunguo ukitolewa. Karavani haina lolote kati ya hayo. Kichwa chake cha kuungia kimetengenezwa kushika tufe la chuma lenye kipenyo cha milimita 50, na kipimo hicho hutumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo gari lolote lenye tufe la kipimo hicho laweza kurudi nyuma, likaunganishwa, na kuondoka na nyumba ya mtu kwa dakika chache, bila kuvunja kioo wala mlango. Mlango wake ukifungwa kwa kufuli imara namna gani, kufuli hilo litasafiri pamoja na nyumba.

Kutokana na hali hiyo, mambo mawili tu ndiyo yanayoweza kuizuia isiondoke: kichwa chake na magurudumu yake. Kufuli la kichwa ni la lazima, lakini peke yake halitoshi, kwani mwizi aweza kulifunga tela kwa mnyororo nyuma ya gari lake akaliburura mwendo mfupi hadi mahali pa maficho. Gurudumu lisiloweza kuzunguka ndilo linalomkatisha tamaa. Hii ndiyo ile nanga ya omo na kamba ya tezi tuliyoitaja: kimoja kikikatika, kingine kinashika.

Namna ya kulifunga

Makufuli ya magurudumu yanayotumika duniani ni ya namna tatu. Ya kwanza ni kibano, ambacho mikono yake miwili hulishika tairi mbele na nyuma, na bamba lake huzifunika nati. Ya pili ni kufuli la mhimili. Hili huwa na kipokeo cha chuma kilichofungwa nyuma ya gurudumu. Kipande maalumu hupitishwa katika nafasi za rimu, kikaingia katika kipokeo hicho na kukazwa kwa boliti, kisha mdomo wa boliti hufungwa kwa ufunguo. Kampuni ya Kijerumani ya AL-KO, iliyoanzishwa na Alois Kober mwaka 1931, ni maarufu kwa makufuli ya aina hii. Ya tatu ni mnyororo wa chuma kigumu unaopitishwa katika matundu ya rimu na kuzungushwa kwenye mhimili. Mnyororo ndio wa bei nafuu, nao una kazi yake, lakini una masharti ambayo mara nyingi hupuuzwa.

Kabla ya kufuli, kwanza ni ardhi. Karavani isimamishwe mahali pasawa na pagumu. Udongo wa chini ya Mlima Meru hulainika sana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na gurudumu lililoachwa juu yake kwa wiki mbili huzama. Kibano kilichozama nacho hakifunguki bila jembe. Inatosha kuweka chini ya kila tairi ubao mpana au kipande cha zege. Kisha ziwekwe kabari mbele na nyuma ya magurudumu, kwa kuwa kufuli la gurudumu si breki, na mtu asilitumainie kuzuia tela lisiteremke kwenye mteremko. Miguu ya pembeni ya karavani nayo ni ya kuituliza isitikisike. Haikutengenezwa kuinua uzito wake, na mafundi wasiitumie kama jeki.

Kibano ni lazima kilingane na tairi. Vipimo vimeandikwa ubavuni mwake: maandishi 185 R14, kwa mfano, yana maana ya upana wa milimita 185 na rimu ya inchi 14. Kibano kikubwa kuliko tairi ni sawa na kutokuwa nacho, maana mwizi atatoa upepo, tairi litalegea, na kibano kitachomoka kizima. Aliyekifunga na akitikise kwa mikono miwili, kikicheza, hakijafungwa. Aidha, bamba lizifunike nati zote. Gurudumu ambalo nati zake ziko wazi laweza kufunguliwa pamoja na kufuli lake, likawekwa pembeni, na jingine likafungwa mahali pake.

Kufuli la mhimili lina uzito wake wa kazi. Nafasi ya rimu haina budi kuelekeana sawasawa na kipokeo, na kwa kuwa gurudumu husimama linavyotaka, mara nyingi hulazimu kuinua upande mmoja kwa jeki, mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji, na kulizungusha taratibu. Kazi hiyo ifanywe wakati kabari ziko upande wa pili na hakuna mtu ndani ya nyumba wala chini yake. Karavani yenye mihimili miwili hufungwa gurudumu la kila mhimili. Kipande kinachopita katika rimu hutengenezwa kwa umbo la rimu hiyo, hivyo mwenye kubadilisha rimu asidhani kufuli lake la zamani litamfaa.

Ama mnyororo, usiachwe ukalala chini. Mnyororo uliolala juu ya ardhi ngumu huwa kama umewekwa juu ya fuawe, nyundo na patasi vinaukata. Uzungushwe mfupi, uninginie juu, na kufuli lake lielekee ndani. Vilevile utazamwe usibane waya wa breki, kwani karavani iliyookolewa mikononi mwa mwizi kisha ikaua watu barabarani kwa kukosa breki haikuokolewa.

Vumbi la Arusha ni adui mwingine. Tundu la ufunguo lifunikwe kwa kifuniko chake au kipande cha mpira, na litiwe mafuta mepesi kidogo. Grisi nzito hunasa vumbi na kuwa kama saruji. Siku ya kuondoka, kufuli litolewe kabla gari halijaungwa, na ni busara kufunga kitambaa chekundu kwenye usukani wa gari siku kufuli lilipotiwa, ili dereva akumbuke. Kama gurudumu lilifunguliwa kwa sababu yoyote, nati zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji na zitazamwe tena baada ya kwenda kilomita 50 hivi.

Kufuli linamlinda mlinzi

Wapo watakaosema kwamba maelezo yote haya ni bure, kwa sababu mwizi mwenye msumeno wa umeme hukata chuma chochote. Ni kweli kwamba hakuna kufuli lisilokatika. Lakini msumeno huo hupiga kelele na kutoa cheche, na Njiro ni mahali pa majirani. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi na kumtangaza. Kazi ambayo ingefanyika kwa dakika chache katika ukimya, sasa inafanyika kwa muda mrefu mbele ya masikio ya watu, na wezi wengi hawaipendi biashara hiyo.

Wapo pia watakaosema kwamba kufuli la nini, na hali mlinzi yupo getini usiku kucha? Hoja hii tunaitazama kwa uzito zaidi, kwa sababu ndani yake imo haki ya mtu mnyonge. Mlinzi wa usiku ni binadamu. Huchoka, huugua, huitwa upande mmoja wa ua wakati jambo linatendeka upande mwingine. Tela lisilo na kufuli likipotea zamu yake, mtu wa kwanza kuulizwa ni yeye, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuwekwa ndani. Hana namna ya kuonyesha kwamba hakumfungulia mtu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuvunjwa. Lakini kufuli lililokatwa lina ushahidi wake: pana vumbi la chuma chini, pana alama ya moto, pana kipande kilichoachwa. Askari mpelelezi akifika ana mahali pa kuanzia pasipo shingo ya mlinzi.

Kwa sababu hiyo tunasema kwamba mwenye yadi anayepokea tela la mgeni bila kufuli humweka mwajiriwa wake hatarini kwa mshahara mdogo. Tunasema pia kwamba funguo za makufuli hayo zisitundikwe katika kibanda cha mlinzi. Ufunguo mmoja ubaki kwa mwenye tela. Wa pili, ambao ni lazima uwepo karibu kwa ajili ya moto au dharura nyingine, utiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa saini na pande mbili, ikae katika kasha la mwenye nyumba. Bahasha ikikutwa nzima, watu wote wa nyumba hiyo wanalala salama.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayolithibitisha neno hilo kuliko tela. Tanzania Bara tela husajiliwa na Mamlaka ya Mapato kwa namba yake lenyewe. Uingereza si hivyo: karavani hubandikwa namba ya gari linaloikokota, nayo yenyewe haina namba ya barabarani. Kwa kutambua hatari hiyo, tangu mwaka 1992 Waingereza wameendesha mpango wa kuandika katika vioo vya karavani mpya namba ya herufi na tarakimu 17 inayolingana na ile ya chasisi, na kuitia katika daftari moja la nchi nzima. Fikra hiyo si ngeni kwetu, kwani hapa petu wenye magari wameshazoea kuandikisha namba katika vioo na taa ili kuwavunja moyo wezi wa vipuri.

Sasa tazama linaloweza kutokea. Karavani ya namna hiyo ikiibwa Njiro, na mwenyewe akaulizwa namba yake, atataja namba ya gari lake, nalo gari amelikalia. Polisi watatafuta nini? Mpaka wa Namanga uko mwendo wa saa chache tu, na mwezi Desemba 2018 ulizinduliwa pale utaratibu wa kukagua mara moja kwa pamoja, ambao umerahisisha safari za watu wema. Urahisi huo utamfaa na mwovu ikiwa askari wa mpakani hana namba ya kuilinganisha. Polisi wa nchi mbalimbali, kupitia Interpol, wanayo kumbukumbu ya pamoja ya magari yaliyoibwa, lakini kumbukumbu hiyo huulizwa kwa namba.

Upo na mzigo wa forodha. Gari na tela la mgeni huingia nchini kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba vitatoka tena. Huo ndio msingi wa kibali cha muda na wa kitabu cha forodha kiitwacho karneti. Chombo kisipotoka, mgeni au chama cha magari kilichomdhamini aweza kudaiwa ushuru wake. Kwa hiyo aliyeibiwa anaweza kupoteza nyumba, kisha akatakiwa kuilipia kana kwamba ameiuza. Karatasi itakayomtetea ni taarifa ya polisi iliyoandikwa mapema na yenye namba sahihi ya chasisi.

Wenzetu wa Zanzibar wanafahamu kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanaoingia visiwani hutakiwa kukata bima ya safari ya Shirika la Bima Zanzibar kwa dola 44 za Kimarekani. Ni jambo jema. Lakini bima hiyo inamhusu mgeni awapo visiwani, na mgeni asidhani kwamba inaifuata nyumba aliyoiacha bara. Anayempokea amweleze mapema.

Kazi ipo, na mafundi tunao

Makufuli mengi ya namna hii hutoka nje, na hayapatikani katika kila duka. Lakini Arusha si mji wa kuagiza kila chuma. Karakana zake zimekuwa zikirefusha chasisi za magari ya mbugani, kuyafungulia mapaa na kuyaundia vichukuzi kwa miaka mingi. Palepale Njiro ipo TEMDO, taasisi ya uhandisi na usanifu wa mitambo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Jijini humo humo ipo CAMARTEC, inayoshughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, na shirika la SIDO limekuwa likiwalea wenye viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Kibano cha gurudumu si mtambo mgumu. Tunazishauri taasisi hizo zisanifu kibano kimoja imara, chenye vipimo vinavyolingana na matairi yetu, na kuwapa mafundi michoro yake.

Soko lake halitakuwa la wageni peke yao. Mkulima anayeleta tela la trekta katika maonesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Themi, mwenye tela la tangi la maji, na mwenye tela la jenereta wote wana mali isiyo na ufunguo wa kuwashia. Kwao tela moja ni mtaji mzima.

Onyo moja tu kwa mafundi wetu wa kuchomelea: chasisi za karavani nyingi za Ulaya zimetengenezwa kwa bamba jembamba lililopakwa zinki, na watengenezaji hukataza zisitobolewe wala zisichomelewe. Moto huunguza zinki, kutu huingia, na nguvu ya chuma hupungua mahali penye mzigo. Kipokeo cha kufuli kifungwe kwa boliti katika matundu yaliyowekwa na mtengenezaji. Fundi asiyeyaona matundu hayo atumie kibano, asiguse chasisi.

Na visiwani je?

Msomaji wa Nungwi aweza kusema kwamba hana karavani wala jirani mwenye karavani. Atazame pwani. Boti za wazamiaji na za mahoteli huwekwa juu ya matela, zikiwa na mashine za thamani nyuma yake, na matela hayo nayo huungwa kwa tufe la chuma kama ya Njiro. Tofauti ni kwamba kisiwani adui wa kufuli ni chumvi. Tela linaloshushwa baharini na kufuli lake huua kufuli hilo mapema. Kufuli litolewe kabla ya kuingia majini, magurudumu yaoshwe kwa maji baridi baada ya kutoka, na tundu la ufunguo litiwe mafuta mara kwa mara. Anayesema kwamba kisiwa hakina pa kukimbilia na afikirie kwamba mashine ya boti ikishafunguliwa haina haja ya barabara.

Kwa maoni yetu, basi, yapo mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi wala kusubiri sheria mpya. Wenye yadi na nyumba za wageni wa Njiro wasipokee tela bila kufuli la gurudumu na la kichwa, na wampe mgeni stakabadhi yenye namba ya chasisi, siku ya kuingia na saini ya aliyepokea. Wanaotoa leseni za biashara hizo waulize daftari hilo wanapokagua. Maofisa wa forodha waihakikishe namba ya tela mbali na ya gari, na wamwambie mgeni aichukue nakala yake. Polisi wa Arusha, ambao wana kituo maalumu kwa ajili ya watalii na wanadiplomasia, wawatembelee wenye yadi kabla ya msimu wa wageni, na wenyeviti wa mitaa wawakumbushe wananchi kwamba kelele za msumeno wa chuma usiku wa manane ni jambo la kupigiwa simu. Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar nayo iwashauri wenye mahoteli wamuulize mgeni swali moja tu anapojiandikisha: umeacha nini bara, na nani anajua namba yake?

Hayo yakifanyika, mgeni atakaa barazani Paje akitazama maji yakijaa, mlinzi atakaa getini Njiro bila hofu ya kusingiziwa, na asubuhi kila mmoja atakuta mali ipo pale ilipoachwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Nasi tunawakumbusha wasomaji wetu na viongozi wetu kwamba mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyepoteza nyumba yake mikononi mwetu.